Nyumba ya Kumi na Tisa

Daktari alipouliza kama yupo mtu mzima aliyenijua nikiwa mtoto, nilianza kuhesabu kwa vidole chini ya meza yake, na kila kidole nilichokunja kilikuwa cha marehemu. Wa karibuni zaidi alikuwa Mama mdogo Zainabu, aliyenilea. Tulikuwa tumemzika wiki sita zilizopita. Kikabaki kidole kimoja. Hicho kilikuwa cha Bi Tausi, jirani yetu wa ukutani kule Temeke, na Bi Tausi hakuwa ameniambia neno zaidi ya "marahaba" tangu nina miaka kumi na minne. Nikamwambia daktari, "Yupo mmoja, ila sijui kama atakubali." Daktari mwenyewe ni kijana, anaweza kuwa sawa na mwanangu wa kwanza, lakini ana utulivu wa mtu mzima. Akasema hakuna haraka. Akasema si kwamba haniamini, ila mimi najieleza nilivyo leo, na hiki kitu, kama ninacho, hakianzi ukubwani. Kinaanza mtu akiwa mdogo, kwa hiyo lazima awepo aliyekiona. Nikaandika kwenye daftari: "Atafutwe aliyeona." Halafu nikasahau daftari mezani kwake, ikabidi muuguzi anikimbilie hadi getini. Sikufanya makusudi ili nionekane mgonjwa. Naandika hivi kwa sababu nilipogeuka nikamwona muuguzi anacheka, hilo ndilo jambo la kwanza nililojiuliza.

Nieleze kwanza nilivyofika pale. Nauza chakula Mabibo, jirani na mabweni ya wanafunzi, mwaka wa ishirini na kitu sasa, na muda wote huo nimekuwa mtu wa kuunguza maharage. Kupika najua. Wateja wananisifu, na wanafunzi hawasifu bure. Tatizo ni kwamba nikibandika chungu nikaenda kuchukua chumvi, njiani nakutana na mchicha, naanza kuuchambua, katikati ya mchicha namkumbuka mtu ninayetakiwa kumpigia simu, naitafuta simu, na nikiipata nimeshasahau ni nani. Daftari nililianza kwa ajili hiyo. Kwanza lilikuwa la mambo ya kufanya, baadaye likawa la mambo yaliyotokea, kwa kuwa nilikuwa nakuta nimeandika "Usisahau!" bila kuandika nini. Siku moja mteja wangu mmoja, binti wa Mbeya anaitwa Neema, alikaa kwenye benchi akanitazama nikiyakausha maji ya ugali sufuriani mara mbili mfululizo. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mama Shabani," akasema, "usinielewe vibaya, ila mie nipo hivyohivyo. Kwetu waliniitaga mzembe mpaka nilipofika chuo nikaenda hospitali. Wanaita ADHD." Sikulijua neno hilo. Akanieleza kwamba ni namna akili ilivyopangwa, haishiki jambo moja, inashika yote au inashika lisilotakiwa. Neema hakusema kwamba nami ninacho. Alisema nikaulize. Nami nilikaa miezi mitatu sijaenda, kwa sababu mtu wa miaka arobaini na nane anayekwenda hospitali kuuliza kwa nini anasahau chungu jikoni, mie mwenyewe ningemcheka. Na lipo jingine lililonizuia, nalo nitalifikia.

Mwaka ninaotaka kuuandika ni ule niliomaliza darasa la saba. Jina langu halikutoka katika waliochaguliwa kuendelea, na sikulia. Nilikuwa kwa Mama mdogo Temeke, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi mwembamba katikati na uwanja nyuma. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kushoto, mie na binti yake Zubeda tukilala kitanda kimoja, na dirisha letu lilitazama uwanja. Kila kitu cha maana kilitendeka pale uwanjani. Palikuwa na jiko la mabati, kamba za nguo, na ukuta wa tofali uliotutenganisha na kwa Bi Tausi, ukuta uliofika mabegani mwa mtu mzima. Kati ya nyumba mbili zile vitu vilipita juu ya ukuta kutwa nzima: makaa ya moto kwenye kifuu, bakuli la mchuzi, nusu ya nazi, mtoto wa mtu. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Mchana ulikuwa wali na maharage ya nazi, na kama maharage nimepewa mimi niyaangalie, basi ulikuwa wali na harufu ya maharage. Lakini nipewe nazi nikune. Kwenye mbuzi ya nazi nilikuwa naweza kukaa nazi nne, tano, sinyanyui kichwa, sisikii nikiitwa. Hilo nililieleza kwa daktari nikidhani linaniharibia kesi, maana mtu asiyetulia angewezaje? Akaliandika kwa haraka kuliko yote niliyosema. Sijui lilikuwa na maana gani kwake.

Pale kwenye mbuzi ndipo nilipoyasikia maneno ya watu wazima, kwa kuwa mtoto anayekuna nazi ni kama hayupo. Mama mdogo na Bi Tausi waliongea juu ya ukuta ule kila jioni, kila mmoja akiendelea na kazi yake upande wake, na sauti zao zilifanana kiasi kwamba ukifumba macho huwezi kujua nani yuko wapi. "Shoga, umelala?" "Nilale na joto hili, nani kaniroga?" Ilianzaga hivyo. Jioni moja Bi Tausi akasema, "Zainabu, Idrisa kaniuliza tena habari za Zubeda." Idrisa alikuwa mpwa wake, kijana mpole, fundi wa makochi. Mama mdogo akakung'uta mboga alizokuwa anachambua. "Idrisa mtoto mzuri," akasema. "Lakini?" "Lakini Zubeda ana mtu." "Mtu gani?" "Yupo bandarini. Karani." "Aa," akasema Bi Tausi. "Karani." "Tausi, usiseme karani hivyo." "Nimesemaje?" "Umesema kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta umezidi chumvi." Wakacheka wote wawili, na nilivyosikia mimi, kilikuwa kicheko cha kweli. Huenda hakikuwa. Nimekirudia kichwani mara nyingi mno kuweza kukiamini.

Harusi ya Zubeda na karani ilipopangwa, Mama mdogo alianza na mambo ya mchele. Asiyezijua desturi za kwetu anaweza kudhani aliyealikwa kula harusi amealikwa. Hapana. Kula wanaalikwa watu wengi, hata wa mbali. Wa karibu anaitwa siku mbili kabla, aje na ungo wake, akae mkekani achambue mchele wa shughuli pamoja na wenzake. Na haitwi kwa kadi. Anatumwa mtu mlango kwa mlango, aseme kwa mdomo, na asiyefikiwa hendi hata kama anasikia nyungo zikipigwa, hata kama anakaa hapohapo. Atakwendaje? Atasema kaitwa na nani? Mama mdogo akanituma mimi. Alinisimamisha uwanjani asubuhi, akanihesabia nyumba kumi na tisa vidoleni mwake, kisha akanitaka nizirudie vidoleni mwangu. Nikazirudia zote. "Na Bi Tausi wa mwisho," akasema, "ukirudi. Huyo ni wa hapahapa." Hata mimi niliona ni busara. Unaanza na walio mbali.

Nilitembea siku ile kuliko nilivyowahi kutembea. Nilianza Tandika, nikaja Temeke ya chini, nikafika hadi Buguruni kwa wifi yake Mama mdogo aliyenipa maji na embe bichi lenye pilipili. Kila mlango nilisema maneno yaleyale bila kukosea: "Mama mdogo anakusalimu. Anaomba Alhamisi, baada ya adhuhuri, uje tuchambue mchele." Kumi na nane. Nilijisikia mkubwa. Narudi, nimebakiza hatua chache nifike kwa Bi Tausi, nikamkuta mchoraji anachora kichwa cha mwanamke kwenye ukuta wa saluni mpya. Uso alikuwa ameshaumaliza, amefika kwenye misuko. Alikuwa anauchora kila msuko kwa mpigo mmoja bila kuinua brashi, kuanzia utosini hadi shingoni. Nikasimama. Sijui nilisimama kwa muda gani, ila jua lilikuwa upande mmoja wa barabara na nilipoondoka lilikuwa upande wa pili. Misuko ilikuwa kumi na mmoja. Hilo naweza kuliapia leo. Nikaingia nyumbani. Mama mdogo akauliza, "Umemaliza?" Nikamjibu, "Nimemaliza." Sikusema uongo, kwa maana ya mtu anayejua ukweli akauficha. Kichwani mwangu kazi ilikuwa imekwisha. Ilikwishaje, ndicho nilichokwenda kumuuliza daktari miaka thelathini na kitu baadaye.

Alhamisi wanawake walikuja. Mikeka ilijaa uwanja, nyungo zikaanza. Bibi mmoja wa Tandika alichukua kiganja cha mchele akakiinua juu. "Zainabu, huu mchele umetoka shambani au machimboni?" "Chambua, usiseme sana," mwingine akamjibu. "Bwana harusi akivunjika jino tutaambiwa ndiyo mila zetu." "Akivunjika jino moja si neno, karani anaandika kwa mkono." Wakacheka, mimi pia nikacheka, nikiwagawia maji. Ndipo mtu akauliza, "Tausi mbona simwoni?" Mama mdogo hakuinua uso kwenye ungo wake. "Kaitwa," akasema. "Kama hajaja, ana lake." Na wakati uleule, kwenye kimya kile kifupi, nikasikia fagio la chelewa upande wa pili wa ukuta. Bi Tausi alikuwa anafagia. Uwanja wake ulikuwa mdogo na ulishafagiwa asubuhi, lakini alifagia, akanyamaza, akafagia tena. Nikakumbuka.

Hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu ndilo lile jambo nililosema nitalifikia. Ilikuwa alasiri, mchele ulikuwa haujafika hata nusu. Kutoka kwenye mkeka hadi mlangoni kwa Bi Tausi ni kuzunguka nyumba tu. Ningekwenda nikamwambia, "Nisamehe, nilichelewa, unaitwa," angekasirika kidogo, angekuja. Sikwenda. Niliwaza uso wa Mama mdogo mbele ya wanawake wote wale, nikaendelea kugawa maji. Nilikaa na neno lile tumboni hadi wageni wa mwisho walipokung'uta nguo zao wakaondoka. Hiyo haikuwa kusahau. Ilikuwa woga, na woga hauna jina la Kizungu la kwenda nalo hospitali. Ndiyo maana nilikaa miezi mitatu. Niliogopa daktari atanipa neno moja litakalofunika yote mawili, nami nitalipokea.

Jua lilipokuwa linatua nikamwambia Mama mdogo. Hakunipiga. Alijifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda tukasimama mlangoni kwa Bi Tausi. "Tausi, huyu mtoto kasahau kukuita. Ndiyo kwanza ananiambia." Bi Tausi alikuwa amesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje. Alinitazama mimi, si Mama mdogo. "Kaita nyumba ngapi?" "Kumi na nane." "Kumi na nane kazikumbuka," akasema, "na za Buguruni zikiwemo. Ya ukutani ndiyo kaisahau?" Mama mdogo akasema, "Sasa unasema nimemtuma akuruke?" "Sijasema. Umesema wewe." "Kwa sababu ya Idrisa?" "Idrisa nani kamtaja hapa, Zainabu?" Na kweli hakuwa amemtaja. Wakatazamana, na nadhani wote wawili waliona kwamba jina lile limeshatoka na halirudi. Siku ya harusi Mama mdogo alimpelekea pilau kwenye sahani yake nzuri, imefunikwa kawa. Sahani ikarudi jioni na mtoto wa jirani, kawa juu yake, pilau haijaguswa. Sitaki kumlaumu Bi Tausi kwa hilo. Wala Mama mdogo kwa kuimwaga mbele ya ukuta, kwa nguvu, ili isikike. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na kwa ushahidi aliokuwa nao kila mmoja, hata mimi ningeona vilevile.

Baada ya hapo ukuta ulikuwa ukuta. Hakuna kilichopita juu yake. Kiberiti kikituishia tulikwenda kuomba nyumba ya tatu. Jioni Mama mdogo alikaa kwenye kigoda chake palepale, akichambua mboga, na wakati mwingine alifungua mdomo kisha akaufunga, na upande wa pili tulisikia sufuria na kikohozi, basi. Zubeda alihamia kwa mumewe. Kitanda kikawa kikubwa. Mimi sikutumwa tena. Hiyo ndiyo adhabu niliyopata, na sina hakika kama Mama mdogo alijua ni adhabu. Mtoto wa nyumba asiyetumwa anakaa tu. Alikuwa akianza kuniita, "Hawa, hebu nenda…" halafu anainuka, anakwenda mwenyewe. Nilianza kujichunguza. Nilijiuliza kama kweli nilisahau, au kama nilisikia maneno ya Idrisa nikaamua, kwa akili ya kitoto, kwamba Bi Tausi si wa kuitwa. Watu wawili wazima wenye akili timamu waliona kwamba haiwezekani mtu aisahau nyumba ya ukutani. Mimi ni nani wa kubisha? Mwaka ulipokwisha nilipelekwa Mabibo kumsaidia mama mmoja aliyeuza chakula. Kazi yangu ya kupika ilianzia pale, na sijaiacha.

Mama mdogo alipofariki mwaka huu, Bi Tausi alikuja. Msibani haalikwi mtu. Alikaa siku zote tatu kwenye mkeka na wanawake wengine, akamenya vitunguu, akaosha vyombo ambavyo vijana walimkataza kuosha. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo Bi Tausi," akaniitikia "Marahaba," na kimya. Kwa hiyo, daktari aliponituma kumtafuta aliyeona, nilimpigia kwanza Zubeda, aliyehamia Tabora na mumewe. Akasema, "Hawa, wewe ulikuwa mtoto mzuri tu." Alisema kwa upendo, lakini daktari hakuuliza kama nilikuwa mzuri. Jumamosi moja mchana nikatoka Kimara, ninakoishi sasa, nikaenda Temeke na kilo mbili za sukari.

Alikuwa amekaa chumbani kwake, mlango wazi, anakata vichwa vya dagaa juu ya gazeti. Chumba kilikuwa na kitanda, kabati la vioo lenye vikombe visivyotumika, na redio iliyofunikwa kitambaa. Akanionyesha kigoda kwa kisu. Nikaeleza yote, vibaya, nikianzia katikati. Alisikiliza bila kuacha dagaa. "Kwa hiyo unataka nikakuseme kwa daktari wa vichaa," akasema.

"Si wa vichaa, Bi Tausi."

"Walio pale barazani wanaongea peke yao. Nimeshapita pale."

"Hata mie naongea peke yangu."

Akacheka. Ni kicheko kifupi, kama mtu aliyekanyaga kitu, lakini sikuwa nimekisikia tangu mwaka ule. Akamimina chai. "Ulikuwa unasahau," akasema. "Toka mdogo, hujaanza shule. Nikikutuma chumvi unarudi na habari. Ndoo zangu umeziacha bombani sijui mara ngapi. Ukija kuniambia kitu unasimama hapo mlangoni unanitumbulia macho, nakwambia basi kanywe maji, kitakuja. Nilishazoea kukutuma huku navaa ndala niende mwenyewe."

"Utamwambia daktari hayo?"

"Hayo nitamwambia."

"Na ya siku ya mchele?"

Kisu kikasimama. "Hiyo hapana." "Hawa, mimi nina miaka karibu themanini. Nikikaa mbele ya daktari nikasema ulisahau, mimi na Zainabu tulinuniana miaka yote hii kwa ajili ya nini? Yeye keshakwenda. Wewe utapewa karatasi yako. Mimi nitarudi nayo hapa, hiyo?"

Nilikuwa na lile jingine, la woga, na nikaona kama namwomba yeye aseme ukweli unaomgharimu, basi na mimi niutoe wangu. Nikamwambia kwamba nilimsahau, naam, lakini alasiri ileile nilikumbuka, mchele ukiwa bado, nikaogopa, nikanyamaza.

"Ulikumbuka saa ngapi?"

"Nilipokusikia unafagia."

Akakiweka kisu juu ya gazeti. Nje mtu alikuwa anapiga misumari kwenye bati. "Nilikuwa nimeshavaa," akasema mwishowe. "Doti mpya, sijaikalia hata mara moja. Ungo nimeuweka hapo kwenye kizingiti. Nilisema moyoni, mtoto kanisahau huyu, si nilikuwa nakujua? Zainabu atashtuka, atamtuma mtu. Nikawa nafagia ili mnisikie." Akaokota dagaa mwingine. "Halafu nikaanza kufikiri. Mtu akifagia sana anafikiri. Jioni mlipokuja nilikuwa nimeshamaliza kufikiri." Akaniambia ninywe chai, inapoa. Nilipoaga hakusema atakuja wala hatakuja, na mimi sikumuuliza tena.

Nitangulize matokeo, ili anayesoma asikae akingojea. Daktari alisema ndiyo. Alisema kwa tahadhari, baada ya kunipima damu, kuniuliza habari za usingizi, za hedhi inayokatika na za msiba, maana vyote hivyo navyo vinasahaulisha. Kanipa dawa, kidonge kimoja asubuhi, na kanifundisha kutumia saa ya kengele kwa kila chungu. Maharage yanaungua kidogo kuliko zamani. Siwezi kusema ni dawa au ni kengele. Sikufurahi sana kama Neema alivyotaka nifurahi. Ilikuwa kama kuambiwa jina la barabara ambayo nimeipita kila siku. Bado kuna siku nahisi nimemdanganya yule kijana.

Lakini siku ya kliniki, nilipofika, Bi Tausi alikuwa ameshakaa barazani, buibui limepigwa pasi, mkoba mapajani, ameketi kati ya wale aliosema wanaongea peke yao, na mmojawapo alikuwa anamwongelesha, naye anamwitikia. Tukaingia pamoja. Daktari akamwamkia, akamuuliza alinijua tangu lini, akaomba mifano. Bi Tausi akampa chumvi, akampa ndoo, akampa kusimama mlangoni. Alitoa mmoja mmoja, akingoja aandike. Daktari akauliza kama kuna mwingine anaoukumbuka zaidi. Nikatazama sakafu.

"Upo," akasema Bi Tausi. "Alitumwa kualika watu. Nyumba kumi na tisa. Ya kwangu akaisahau."

Nikasikia nimesema, "Lakini daktari, alasiri mie nilikuwa—"

"Wewe hujaulizwa," Bi Tausi akanikata. Akamgeukia daktari. "Akaisahau. Andika."

Daktari aliandika. Hakujua chochote, alikuwa anafuata maswali yaliyo kwenye karatasi yake, na lililofuata lilikuwa hili: kusahau kwangu kulileta madhara yoyote, nyumbani au kwa watu?

Bi Tausi alimtazama, kisha akautazama mkoba wake. Akaufungua, akaufunga.

"Kulileta," akasema.

"Kama yapi, bibi?"

"Andika tu kulileta."